Tarehe Ndani ya Kifuniko

14 Januari
Leo natimiza miaka mitatu, miezi miwili na siku tisa tangu nitoke nyumbani

Baba, shikamoo.

Natumaini unaisoma barua hii mwenyewe, si dada anakusomea, maana dada akisoma huruka maneno anayoona hayana faida. Naandika kwa sababu kwenye simu unapiga kelele "mzima, mzima!" kisha unampa dada simu, na mimi nabaki sijajua lolote. Kwenye barua huwezi kunikimbia.

Mimi nasimama na kutembea. Kazi ni ile ile, ghala la vigae. Maboksi yanashushwa kwenye lori, yanapangwa, yanapangwa upya kwa sababu nyapara amebadili mawazo, kisha yanapakiwa kwenye lori jingine. Kikohozi bado kipo. Jumapili kinapungua kwa sababu Jumapili hakuna vumbi, kwa hiyo sikiiti ugonjwa, nakiita kazi. Chumbani tuko sita, mmoja ni mwashi, ndiye anayelala kitanda cha chini yangu, anakoroma kama mashine ya kukata vigae.

Sasa nikuulize wewe. Dada ameniambia kwa kunong'ona kwamba jicho lako la kulia limekufa kabisa, na la kushoto lina mtoto wa jicho aliyekomaa. Daktari amesema akiachwa hadi mwezi wa sita, presha itapanda na hilo nalo litakufa kama mwenzake. Baba, ulikuwa unangoja nini kuniambia? Fundi saa asiye na macho atafanya nini, atauza maandazi?

Nakaa nikiwaza hilo hata nikiwa na boksi begani. Mshahara wangu unajua unavyokwisha. Lakini Jumapili iliyopita nimeona kitu. Kuna soko la vitu vikuukuu nyuma ya stendi ya malori. Pale kuna mzee mmoja tunamwita Miwani, kwa sababu ana lenzi jichoni muda wote, nadhani anaoga nayo. Ananunua saa za mkono za zamani, zile otomatiki za miaka ya hamsini na sitini ambazo hazitiwi ufunguo, zinajijaza kwa mkono wa anayevaa. Nilimwona anamlipa mtu kwa saa moja fedha ambayo mimi sijawahi kuishika kwa pamoja. Saa yenyewe chakavu! Nilidhani anatania.

Baba, kwenye droo yako kuna otomatiki tatu ninazozikumbuka, ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Na kuna yako ya mkononi. Tafadhali fikiria. Mwambie dada aipige picha anitumie.

Mkataba wangu unaisha mwanzoni mwa Aprili. Nategemea kufika Aprili hiyo hiyo.

Mwanao


2 Februari

Mwanangu Mbishi,

Marahaba. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na mistari ikipandana usiicheke, inasalimiana. Dada yako alitaka kuniandikia nikakataa. Ana mwandiko wa daktari.

Sisi wazima. Kibanda nafungua kila siku. Nafanya kamba na betri, kazi za kupapasa. Kazi za ndani nawaambia wateja waje wiki ijayo, na wiki ijayo nawaambia hivyo hivyo. Mmoja kaniuliza, "Fundi, hiyo wiki yako ina siku ngapi?" Nikamwambia wiki yenyewe ni mbovu, nasubiri spea.

Za kwenye droo usiziulize tena. Kila moja ina karatasi yenye jina la mwenyewe. Mtu akiniachia saa hata miaka ishirini, ni yake. Yule mwalimu wa shule mwenye saa ya uso mweusi ana miaka tisa hajaonekana, na akitokea kesho ataikuta. Kama nilikufundisha jambo lingine, nilikuwa usingizini.

Yangu ni yangu. Nilipewa na mwalimu wangu wa ufundi siku aliyosema sasa naweza kukaa meza yangu mwenyewe. Unaijua, uso wake umegeuka rangi ya karatasi ya zamani, kioo kina mikwaruzo, na bodi yake ya chuma ina alama ya siku ile nilipoanguka na baiskeli. Ndani kwenye kifuniko kuna alama za mwalimu wangu na zangu, kila mara ilipofunguliwa.

Nitakwambia kitu ambacho dada yako hakijui. Tangu nipoteze jicho, saa hii imesimama mara nne nikiwa nimeivaa. Haina ubovu. Saa hizi zinakula mwendo wa mkono, na mimi mkono wangu hautembei, nimekaa tu. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu kwenye gurudumu. Nikaitikisa, ikaanza. Nikajua mbovu ni nani.

Ichukue. Picha amepiga dada yako, nadhani umeipata. Kikohozi chako kinywee maji ya moto na ufunge kitambaa puani. Aprili ukija, kibandani kuna kiti chako, nimezuia wateja wasikikalie.

Baba yako


19 Februari
Miaka mitatu, miezi mitatu na siku kumi na nne

Baba, shikamoo. Umelalaje, umeshindaje, macho yanasemaje?

Mimi leo sina hata haja ya kulalamika. Picha niliipata, nikaipeleka kwa Miwani Jumapili. Baba, yule mzee aliivuta simu yangu hadi ikagusa lenzi. Akaita mwenzake, wakaitazama pamoja. Kisha akaniuliza iko wapi. Nikamwambia iko kwenye mkono wa baba. Akasema, "Niletee hii. Hii hii ya kwenye picha." Akataja bei. Nilimfanya airudie kwa sababu nilidhani masikio yangu yameingia vumbi.

Inatosha jicho na hospitali, inatosha tiketi yangu, na inabaki ya kupaka rangi kibanda. Usiku ule chumba kizima kiliniita tajiri. Mwashi akaniomba nimwajiri.

Jana nyapara aliita tunaomaliza mkataba. Akisaini mtu miaka miwili mingine, anapewa mshahara wa miezi sita mbele. Wenzangu walipanga foleni. Mimi nikamwambia sisaini. Akaniangalia. "Una kazi nyingine?" Nikasema, "Nina baba." Akasema baba wote wanao. Kifua changu hakiwezi miaka miwili mingine hapa, Baba, nakwambia ukweli. Asubuhi natema mate meupe kama nimekula chaki.

Sasa sikiliza mpango. Mwashi amepata likizo, yuko huko kwenu hadi tarehe ishirini Machi. Mpe yeye mkononi, usimpe mtu mwingine. Anakoroma lakini si mwizi. Hakikisha saa inatembea vizuri. Na iwe safi. Haijawahi kutoka saa kwenye kibanda chetu ikiwa na mkwaruzo, na hii isiwe ya kwanza. Nataka Miwani ajue sisi ni nani.

Nategemea kufika kati ya tarehe kumi na kumi na tano Aprili.

Mwanao


18 Machi

Mwanangu,

Hii fupi, mwashi yuko mlangoni anakunywa chai yangu na kutazama njia.

Tumeshinda salama. Dada yako anasema nimekuwa kijana, kwa sababu wiki tatu hizi nimekaa mezani tangu asubuhi hadi jua linapoishia dirishani. Nimevaa lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Nimeifungua yote, nimeiosha, nimeitia mafuta. Hiyo mikono yangu inaijua bila macho. Kisha nikafanya ulichosema. Mikwaruzo yote nimeipiga msasa, na alama ya baiskeli imekwenda, bodi inateleza kama sabuni. Ile rangi ya uzee kwenye uso nimeifuta yote, nikapaka uso mweupe mpya, nikaandika namba upya kwa unywele wa brashi. Mishale ya zamani ilikuwa imefubaa, nimeweka mipya inayong'aa. Kioo kipya. Mkanda mpya.

Ndani ya kifuniko nimechora kama ninavyomchorea kila mteja.

Ningetamani uone. Dada yako amesema inang'aa. Ni kazi ya mwisho ya jicho hili kabla halijatengenezwa, na nimemaliza nalo vizuri.

Mwambie huyo Miwani asiiguse na vidole vyenye mafuta.

Baba yako


6 Aprili

Baba, shikamoo.

Hamjambo huko? Mimi sijambo.

Saa ilifika salama. Imeuzwa. Nimemtumia dada fedha leo, aende nawe hospitali wiki hii hii, asingoje wiki ijayo wala ile ya wateja wako. Akikuambia zimepungua kidogo kwa ile bei niliyoitaja, ni kweli, Miwani alishusha kidogo. Ndiyo biashara.

Safari yangu imesogea. Kuna mambo ya karatasi ofisini. Nitakuandikia.

Nenda hospitali, Baba. Hilo tu.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Salamu zangu unazipata zikiwa kwenye mstari ulionyooka. Angalia mwandiko huu. Sikushikwa mkono na mtu.

Wiki iliyopita walinitoa bandeji. Kitu cha kwanza kuona ni dada yako, nikamwuliza, "Nywele zako zimekuwaje nyeupe hivyo?" Akalia, akacheka, akanipiga begani. Daktari amesema jicho limepona, wiki mbili zaidi na ningekuwa nimechelewa. Kwa hiyo ulilotaka umelipata, na mimi nakushukuru, na ningependa barua iishie hapa.

Haiishii hapa.

Jumatatu nilifungua kibanda. Nilishika saa moja ya mwanamke, nikaona vijigurudumu vyote vimetulia kila kimoja mahali pake, nikakaa nikivitazama kama mtu aliyerudi mtaani kwao. Kisha nikavuta droo ya chini kutafuta koleo, nikakuta uso wa saa mbovu niliojaribia mwezi wa tatu, kabla sijaigusa yangu. Ni rangi ile ile, brashi ile ile, mkono ule ule.

Mwanangu, ni aibu. Namba tatu imepanda juu kama inataka kushika namba mbili. Nane na tisa zimebusiana. Rangi ina mafundo kama uji. Na mimi nilikuwa nimejiambia huu ndio mfano, yangu itakuwa hivi hivi au bora zaidi. Dada yako nimemwuliza, "Uliona?" Akasema aliona. "Mbona ulisema inang'aa?" Akasema, "Ilikuwa inang'aa, Baba." Ni kweli, hakunidanganya.

Kwenye kikopo nimekuta mishale yake ya zamani. Nimeitazama kwa jicho jipya. Haikuwa imefubaa, lililofubaa lilikuwa jicho langu. Nilitoa kitu kizima nikaweka takataka. Mwalimu wangu angekuwa hai angenifuata na koleo.

Sasa nakuuliza kama fundi, si kama baba. Nani alinunua saa ile? Usiniambie ni kipofu mwenzangu. Na kama hakuna aliyeinunua, fedha ya jicho hili imetoka wapi? Ulisema karatasi za ofisini. Karatasi gani? Mwezi wa nne ulipita nikasema utafika wa tano. Leo wa tano unaisha. Kiti chako nimekaa mimi, nimechoka kukitazama kikiwa kitupu.

Kama umesaini, niambie ni miaka mingapi. Mimi si mtoto.

Baba yako


21 Juni
Miaka mitatu, miezi saba na siku kumi na sita

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi kwa sababu ya ule mwandiko. Mistari imenyooka hadi inatia wivu. Mwashi aliomba auone, nikamwonyesha, akasema hata yeye ukuta wake haunyooki hivyo.

Nilikudanganya. Sasa nakwambia yote, na usiniingilie kati.

Mwashi alinipa saa Ijumaa. Nilipoifungua kwenye kitambaa niliona namba zimepinda, lakini nikajisemea labda ni mimi, mimi najua nini, mimi mbeba vigae. Jumapili nikaenda. Nilivaa shati la safari. Miwani aliitazama bila kuishika, akaniuliza, "Iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Hii siyo."

"Ni yenyewe, bosi. Nimekua nikiiona."

Akatoa simu yake, akaniwekea ile picha aliyopiga dada, niliyokuwa nimemtumia, pembeni ya saa. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Akasema, "Uso huu ulichukua miaka sitini kuwa vile. Watu wananunua hiyo miaka. Nani ameifuta?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

Baba, nilishindwa kusema ni wewe. Nikasema, "Fundi mmoja tu wa mtaani kwetu." Hilo nalo nakuomba msamaha. Jirani yake anayeuza redio akaichungulia, akasema sasa hiyo imekuwa saa ya bwana harusi, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu.

Miwani akaifungua nyuma. Hapo akaweka lenzi sawasawa. Akafuata gurudumu moja moja. Akasema, "Huyu fundi wako, kwa ndani anafanya kazi safi kuliko mimi. Lakini wateja wangu hawavai ndani." Akanitajia bei ya sasa, ni bei ya mkanda na chakula cha mchana. Nikaichukua saa yangu nikaondoka.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia siku tatu, nikibeba maboksi kama nayapiga. Kisha usiku wa tatu nikakumbuka nani aliandika "iwe safi". Miwani aliniambia hii hii ya kwenye picha, aliniambia mara mbili, mimi nikasikia bei tu. Angekuwa mtu mwingine asiyezaliwa kwenye kibanda cha saa, angeituma na uchafu wake, na leo tungekuwa matajiri. Sisi tu ndio tungeweza kuiharibu kwa usafi. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, mwenzako nipo.

Jumatano nilikwenda kwa nyapara. Alikuwa anajua. Wanajua tu, Baba, wanaona mtu anavyotembea. Akasukuma karatasi na kalamu bila kuinua kichwa. Akasema, "Habari za baba?" Nikasaini. Hati ya kusafiria imerudi kwenye kabati lao. Mshahara wa miezi sita ndio huo ulio jichoni kwako. Ni miaka miwili, tangu Aprili. Umeuliza, nimekujibu.

Kikohozi sitakificha tena. Si kazi, ni ugonjwa. Tulipimwa mwezi huu, mganga wa kampuni akanisikiliza kifua akaandika kitu, nikamwuliza ni nini, akasema vumbi. Nikamwambia vumbi najua, nauliza ndani kuna nini. Akamwita anayefuata kwenye foleni. Nimeomba nihamishiwe kwenye lori, nje, ambako hewa inapita. Nyapara amesema ataangalia. Kitambaa nafunga puani kama ulivyosema. Kuna siku naogopa, kuna siku nachoka hata kuogopa. Nakwambia kwa sababu umeniomba niseme na fundi, na fundi haambiwi saa ni nzima wakati inachelewa.

Sasa kitu cha mwisho. Miwani alipofungua kile kifuniko, na mimi niliinama nikaona. Niliona alama za mwalimu wako, niliona zako, na chini kabisa umechora tarehe ya Machi, na chini yake ile tarehe unayomchorea kila mteja, ya kuirudisha saa kwa fundi ipate mafuta. Umeandika ya miaka miwili mbele. Nilisimama pale sokoni nikaona mambo mawili kwa pamoja, kwamba hukuweza kuona uso wa saa, na kwamba hukusahau tarehe. Nilipoikuta miaka miwili ile ile kwenye karatasi ya nyapara, nilicheka. Akadhani nimechanganyikiwa.

Saa ninayo. Naivaa juu, karibu na kiwiko, ili maboksi yasiigonge. Wenzangu wanaicheka hiyo nane na tisa yako, wanasema ni wachumba. Lakini nikuambie, Baba. Tangu niivae haijasimama hata siku moja. Mkono huu hautulii. Inakula vigae vyote vya hapa.

Mishale ya zamani itunze kwenye kikopo. Usimpe mtu kile kiti, ukichoka kukitazama kigeuzie ukutani. Msalimie dada, mwambie asiwe anasema ukweli kiasi kile.

Saa itakuja kwa fundi kwa tarehe yake, mkononi kwa mvaaji, haitumwi na mtu. Ikichelewa, haitapita mwezi. Nategemea kufika Aprili. Si Aprili ijayo, Baba. Ni ile inayoifuata.

Mwanao